Msitu Usiojua Mvua

Kinyonga, fundi wa picha wa kituo, alipompigia simu Inspekta alianza kwa kuomba radhi. Mashine imekosea, alisema, kosa dogo tu, lakini haruhusiwi kulisahihisha bila idhini ya mpelelezi, na picha yenyewe ni ile ya binti wa Daktari. Ingekuwa picha nyingine asingemsumbua wakati kama huu.

Inspekta alikuwa ameketi garini nje ya kituo, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Asubuhi hiyo Mkuu wa Upelelezi alikuwa amemtoa kwenye msako. Hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba ndugu hamtafuti ndugu, macho yatamdanganya. Arudishe bastola ghalani, aende akakae na shemeji yake. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Binti aliyetekwa alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Inspekta, na tangu dada azikwe, Inspekta ndiye aliyekuwa mama. Umama mdogo ulibaki kwenye jina tu.

Baba wa binti alikuwa daktari wa maiti, yule anayefungua miili na kusema kilichoiua. Kesho yake alitakiwa mahakamani kueleza habari za mahabusu mmoja aliyekutwa amekufa kwenye selo za kituo hicho hicho. Hapakuwa na mshtakiwa bado. Mahakama ilitaka kwanza kujua chanzo cha kifo. Binti alichukuliwa jioni akitoka kazini kwake, kwenye duka la dawa, na tangu hapo simu ya Daktari ilikuwa ikiletewa picha: binti amesimama mbele ya majani mazito ya msitu, na chini yake maneno machache. Daktari aseme yule mtu alikufa kwa ugonjwa. La sivyo, maiti itakayofuata mezani kwake ataitambua kabla ya kufunua shuka.

Mtandio wa binti ulipatikana pembezoni mwa msitu nje ya mji. Kwa hiyo kituo kizima kilihamia msituni, na mbwa, na fimbo za kupekulia vichaka. Walipekua, hawakupata hata unyayo.

Inspekta alishuka garini akaenda kwa Kinyonga. Nyumbani kwa shemeji yake asingeweza kwenda akiwa mikono mitupu.

Chumba cha picha kilikuwa chini ya ardhi, mwisho wa ngazi, baridi kwa ajili ya mashine. Kinyonga aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa rangi mchana kutwa, na pia kwa sababu macho yake, nyuma ya miwani minene, kila moja lilikuwa na safari yake. Utani huo aliuanzisha mwenyewe ili wengine wasipate faida ya kuuanzisha. Leo hakutania. Alimvutia Inspekta kiti, akageuza kioo cha kompyuta upande wake.

Alieleza shida yake kwa haraka. Kila picha inayoingia kituoni huingia pia kwenye hazina ya picha, zile za miaka yote, na programu huzipanga yenyewe: barabara, mashamba, fukwe, misitu, vyumba vya ndani. Kazi hiyo zamani ilifanywa na watu kwa mikono na iliwamalizia umri wao. Sasa hizi picha za binti, mtoto mdogo akiziona atasema msitu. Mashine haikusema msitu.

"Imeziweka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye vyumba, Afande. Vyumba vya ndani."

Inspekta aliitazama picha. Binti amesimama, mikono nyuma, blauzi nyeupe ya dukani bado iko mwilini. Macho yake yalikuwa yakimwangalia mtu aliyeshika simu. Inspekta aliona mdomo wa dada yake kwenye uso ule, na hapo akatambua kitu kilichomtia aibu. Tangu picha ya kwanza ije, yeye na Daktari na kila mtu walikuwa wakiutazama uso. Hakuna aliyetazama picha.

"Mfunike uso," alisema.

Kinyonga alichukua kipande cha karatasi akakibandika juu ya kioo. Yakabaki majani.

Inspekta alimwamuru asisahihishe chochote. Badala yake amweleze mashine imeona nini. Kinyonga akajibu kwamba haijaona kitu, hilo ndilo watu hawalielewi. Mashine haijui mti wala kiti. Inaikata picha vipande vidogo kama unga, inahesabu kila rangi imechukua nafasi kiasi gani na imekaa upande upi, kisha inalinganisha na picha ambazo imekwisha kufundishwa. Buluu juu na manjano chini, inasema ufukwe. Kijivu kingi katikati, barabara. Msitu wa kweli ni fujo: kijani cha kila namna, hudhurungi, weusi wa vivuli, na mbingu inayochungulia kwenye matundu ya majani. Akavuta picha ya msitu halisi, ya kesi ya zamani, akaonyesha chini yake vinguzo vya rangi vilivyopanda na kushuka kama meno mabovu. Kisha akaonyesha vya picha ya binti. Vilikuwa vichache, virefu, vimesimama mbalimbali.

"Kijani hiki kina namna chache mno," alisema. "Na blauzi nyeupe imeingia unjano. Jua halifanyi hivyo, Afande. Mimi nilidhani ni simu mbaya."

"Ni balbu," Inspekta alisema.

Feni ya mashine iliendelea kuzunguka.

Inspekta akataka aone picha nyingine, ile ya juzi jioni na ile ya jana asubuhi. Kinyonga akaziweka bega kwa bega. Jana alfajiri mvua ilikuwa imenyesha mpaka mifereji ikafurika. Inspekta mwenyewe alikuwa ndani ya ule msitu mabuti yakiingia maji, magome ya miti yamekuwa meusi, kila jani linang'aa. Vinguzo vya rangi vya picha ile ya asubuhi vilikuwa pacha wa vile vya jioni iliyotangulia. Hakuna kilichopanda, hakuna kilichoshuka.

"Msitu huu haujui mvua," Kinyonga alisema, na sauti yake ikapungua. "Wala jua kuchwa."

"Ni ukuta uliochorwa."

Kuta zilizochorwa zilikuwa nyingi mjini: hotelini, kwenye kliniki, kwenye shule za chekechea. Kuzizungukia zote kungechukua wiki, na kesho ilikuwa inakuja. Inspekta akauliza swali ambalo angepaswa kuuliza mwanzo. Mashine imeilinganisha na picha gani, mpaka ikaiita chumba?

Kinyonga alisema hilo ni rahisi. Kila picha ina majirani zake, zile ambazo rangi zake zimekaribiana nayo zaidi, na mashine haifanyi zaidi ya kufuata majirani. Akabonyeza. Kioo kikajaa watoto.

Mvulana mwenye bandeji mkononi. Msichana wa sare ya shule, jicho limevimba. Mwingine, mdogo zaidi, amekumbatia kiatu kimoja. Walikuwa wamepangwa safu kwa safu, na wote walikuwa wameketi mbele ya kijani kile kile, majani yale yale mapana, ila huku kamera ilikuwa imesimama mbali kidogo, kwa hiyo juu ya vichwa vyao kulionekana kima aliyechorwa akining'inia na ndege wawili wa rangi ya chungwa. Katikati ya safu ya tatu, miongoni mwao, ilikuwa picha ya sasa ya binti wa Daktari.

Kinyonga alitoa miwani, akaifuta, akairudisha. Picha hizo zilipangwa na aliyemtangulia kazini, alisema, yeye hakuwahi kuzifungua.

Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Wakati akiwa koplo alikuwa amemshika mkono yule msichana wa jicho lililovimba. Kilikuwa chumba cha watoto, walimokuwa wakichukuliwa maelezo watoto walioumizwa, na mtu mmoja mwenye huruma alichora msitu ukutani ili wasiogope. Kilikuwa kwenye jengo la zamani nyuma ya gereji ya kituo. Walipohamia jengo jipya, la zamani likafanywa stoo ya vielelezo. Kutoka kwenye kiti alichokalia, Inspekta angeweza kufika huko kabla chai haijapoa.

Sasa hofu ilimshika kweli. Msituni alikuwa akiogopa watu asiowajua.

"Funguo za stoo anakaa nazo nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Sajini Mpole," Kinyonga alisema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Mpole alikuwa sajini wa zamu selo usiku ule mahabusu alipokufa. Baadaye alihamishiwa stoo, na watu wakamwonea huruma, mtu mwema vile. Ndiye aliyeuona mtandio pembezoni mwa msitu. Ndiye aliyemletea Inspekta kikombe cha chai jana, akamwambia pole Afande, tutampata, Mungu si Athumani. Inspekta aliinywa ile chai yote.

Alianza kupanga mambo kwa sauti ya chini. Picha ya jana ilifika kwa Daktari wakati Mkuu amesimama kando ya Inspekta msituni, mahali ambapo simu ya mtu yeyote haikushika mtandao. Mpole alikuwa ameondoka kwenda kuleta mafuta ya magari. Basi aliyepiga picha si Mkuu.

"Mtu mkubwa hapigi picha mwenyewe, Afande," Kinyonga alisema. "Anatuma." Kisha akaongeza: "Mimi nina watoto."

Inspekta alimwambia anajua. Akamwagiza achapishe picha zote, za binti na za watoto, azitie bahasha, atoke kwa geti la nyuma na kwenda moja kwa moja kwa msajili wa mahakama, amkabidhi mkononi. Asipite kwake, asimpigie mkewe. Iwapo yeye Inspekta hatamtafuta kabla mahakama haijafungwa, amweleze msajili kila kitu. Kinyonga alichapisha. Karatasi zilitoka taratibu mno, uso baada ya uso, na kila hatua iliyosikika juu ya dari iliwafanya wote wawili wanyanyue vichwa.

Alipobaki peke yake alimpigia Mkuu. Hakuwa na njia nyingine. Mkuu alipokea akiwa barabarani, anarudi mjini kumwona Daktari. Inspekta alimwambia kwa maneno machache kwamba msitu anaoutafuta uko nyuma ya gereji, ndani ya chumba cha watoto.

"Umemwambia nani?" Mkuu aliuliza.

"Wewe tu, Afande."

"Usiingie. Nisubiri."

Hayo yangeweza kuwa maneno ya mkuu mwema anayemlinda mtu wake. Yangeweza pia kuwa maneno ya yule mkubwa anayetuma. Inspekta akauliza Sajini Mpole yuko wapi. Mkuu akajibu kwamba ameenda kuwanunulia vijana mikate. Inspekta akakata simu na kupanda ngazi.

Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya gereji. Mafundi walikuwa wakigonga bodi la gari lililopinduka, kelele tupu. Inspekta alimwomba mmoja mkasi wa kukatia chuma akapewa bila maswali. Hapo kituoni mtu hakumuuliza Inspekta anakwenda kukata nini. Jengo la zamani lilikuwa limefungwa madirisha kwa mbao. Komeo la mlango lilikuwa na kutu nyekundu, ila kufuli lililoning'inia juu yake lilikuwa jipya, hata vumbi halijalizoea. Alisubiri nyundo zianze tena kugonga, kisha akakata.

Ndani palinuka karatasi za zamani na unyevu. Ukumbi ulikuwa na marundo ya vielelezo hadi darini: baiskeli, mapanga yenye vibandiko, magodoro. Katikati ya vumbi sakafuni palikuwa na njia safi, imepitwa mara nyingi na miguu. Aliifuata akitembea kwa kingo za viatu. Mwisho wa njia palikuwa na mstari wa mwanga chini ya mlango.

Aliufungua. Msitu ulikuwepo. Kima alikuwepo, rangi yake imebanduka tumboni. Balbu moja ya njano ilikuwa inawaka. Palikuwa na meza ndogo na viti viwili vya kimo cha mtoto, kikombe cha plastiki, na kamba imekunjwa vizuri juu ya kiti kimoja. Binti hakuwepo.

Inspekta alishika meza. Alikumbuka kwamba hajui kama Kinyonga amefika kwa msajili, kwamba hana bastola, kwamba binti huyu alipokuwa mdogo alikuwa akilala na taa. Kisha akasikia nyayo ukumbini. Hazikuwa na haraka.

Sajini Mpole aliingia akiwa na mfuko wa mkononi. Alimwona Inspekta, akasimama, akapiga saluti kama kawaida yake.

"Kumbe ni wewe, Afande. Nimeona kufuli limekatwa nikadhani wezi."

Inspekta alisema anatafuta kielelezo cha kesi ya zamani. Mpole akauliza kielelezo gani, pengine amsaidie. Aliuliza kwa adabu kabisa. Inspekta alikuwa akiutazama ule mfuko.

"Hiyo ndiyo mikate ya vijana walioko msituni?"

"Ndiyo, Afande."

"Kikosi kizima kile, Sajini. Mkate mmoja?"

Mpole aliangalia mfuko wake kana kwamba ni mtu mwingine aliyempa aubebe. Kisha akausukuma mlango nyuma yake kwa kisigino mpaka ukajifunga. Mkono wake mwingine ulikwenda kiunoni, ukakaa juu ya bastola, haukuitoa.

Inspekta alikuwa na woga kiasi kwamba masikio yake yalivuma, lakini ndani ya ule woga kuna jambo moja lilikuwa limenyooka. Mtu hampelekei maiti mkate. Binti yuko hai, na yuko karibu.

Hapo ndipo balbu ilipotikisika. Au haikuwa balbu: ilikuwa taswira yake, kwenye kioo kikubwa cheusi kilichokuwa ukutani, mkabala na msitu. Kilikuwa kioo cha maofisa. Zamani walikaa nyuma yake, gizani, wakimtazama mtoto akisema bila yeye kuwaona. Ukuta ule ulijengwa usipitishe sauti. Kioo kilitikisika tena kidogo, na taswira ya Inspekta mwenyewe ikatetemeka pamoja nacho. Mtu alikuwa akikigonga kwa nguvu zake zote na hapakuwa na sauti yoyote.

Mpole naye aliona. Akashusha pumzi.

Inspekta alivuta kile kiti kitupu akaketi. Aliketi kama mtu mwenye siku nzima. Akamwambia Mpole naye aketi, waongee, maana kukimbia hakutamsaidia yeyote kati yao. Mpole akaondoa kamba na kuketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, bastola sasa imelala pajani.

Alianza kusema kabla hajaulizwa. Hajamgusa binti, alisema, hata siku moja, anamletea chakula, jana amemletea na dawa ya kichwa. Yule mahabusu alikuwa akipiga kelele usiku kucha, na yeye alikuwa na zamu mbili mfululizo, alitaka tu anyamaze. Hakuwa na nia. Mzee Daktari angesema ni maradhi na kila mtu angelala kwake.

"Na kesho mzee akishasema," Inspekta aliuliza, "binti unamrudisha?"

"Ndiyo."

"Amekuona uso?"

Mpole alianza kuikunja ile kamba upya, ingawa ilikuwa imeshakunjwa.

Inspekta aliendelea kumuuliza mambo madogo madogo, zamu yake ilianza lini, selo ilikuwa na watu wangapi, kwa sauti ile aliyotumia kwa watoto. Alikuwa akisikiliza nje. Nyundo za gereji zilikuwa zimenyamaza. Gari lilisimama. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa, mmoja tu. Amekuja peke yake. Inspekta hakujua kama hilo ni jema au baya.

Mkuu wa Upelelezi aliingia bila kofia, jasho limemlowesha shingo. Aliutazama msitu wa ukutani kwanza, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mpole aliinuka kwa haraka, bastola mkononi, mtutu wake ukielekea sakafuni.

"Afande, mwambie," alisema. "Ulituambia sote pale paredi jina la kituo lisiingie matope. Mimi nimelinda kituo."

Inspekta alimtazama Mkuu usoni akitafuta jibu na hakulipata. Angeweza kuwa anapima maneno ya kumkamata mtu. Angeweza kuwa anapima ukumbi ule ni mrefu kiasi gani, na nyundo zitaanza tena baada ya muda gani. Hajawahi kuogopa uso wa mtu kama alivyouogopa ule, uso wa mtu aliyekula naye miaka na miaka.

"Bahasha iko kwa msajili wa mahakama," Inspekta alisema. "Picha zote."

Mkuu aligeuza shingo akamwangalia. "Kwenye simu ulisema umeniambia mimi tu."

"Nilisema."

Kitu kilipita usoni mwa Mkuu, haikujulikana ni hasira au ni nafuu. Kisha akanyoosha mkono kwa Mpole, kiganja juu.

"Ni kweli nilisema pale paredi," alimwambia. "Sikujua kuna mtu atanisikia hivi. Lete bastola, Sajini. Na funguo."

Mpole alitoa vyote viwili. Aliviweka mezani taratibu, kimoja kando ya kingine, na mkate pia akauweka.

Mlango wa chumba cha nyuma ya kioo ulikuwa pembeni, kwenye korido nyembamba. Inspekta alijaribu ufunguo wa kwanza, kisha wa pili. Ulipofunguka aliona binti amesimama gizani, ngumi zake zimechubuka, na nyuma ya bega lake kile kioo, upande wake wa kuonea, kikionyesha chumba kizima wazi kama televisheni isiyo na sauti.

Alinyoosha mikono. Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usinikaribie."

"Mwanangu, ni mimi."

"Nimekuona." Sauti ya binti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Umeingia, ukaketi naye. Mkaongea. Ulikuwa unatikisa kichwa, unamwitikia. Mimi nagonga, wewe unaongea naye."

Inspekta alielewa kioo kilikuwa kimemwonyesha binti nini. Hakukuwa na la kueleza ambalo mtu mwongo asingeweza kueleza vile vile. Basi akashusha mikono, akapiga magoti pale pale mlangoni, chini ya kimo cha binti, akaweka viganja vyake sakafuni ili vionekane. Akakaa hivyo. Nyuma yake Mkuu alikuwa akimsomea Mpole haki zake, neno kwa neno, na pingu zikasikika.

Ilichukua muda. Nyundo zilikuwa zimeanza tena nje wakati binti alipotoka ukutani, hatua moja, kisha nyingine, na kumwekea mkono begani. Hakumkumbatia. Aliuweka mkono tu, kama anayejaribu kama chuma bado ni cha moto.

"Baba ameshasema?" aliuliza.

"Bado. Ni kesho."

"Atasema nini?"

"Hajaniambia. Sidhani kama anajua."

Binti aliwaza. "Mpigieni simu," alisema. "Nataka anisikie leo."

Kesho yake mahakama ilijaa mpaka kwenye ngazi. Daktari alipanda kizimbani akiwa amevaa suti iliyomzidi. Alikuwa amekonda ndani ya siku chache zile. Wakili wa upande wa polisi alikuwa mtu mwenye sauti laini na aliuliza swali lake kwa kulirahisisha, kama anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Je, si kweli kwamba moyo wa marehemu ulisimama ghafla?

"Ni kweli," Daktari alisema.

Watu wakaguna. Wakili alianza kuketi.

"Kila maiti niliyowahi kuipokea moyo wake ulikuwa umesimama," Daktari aliendelea. "Niruhusuni sasa nieleze huu ulisimamishwa na nini."

Akaeleza, ubavu baada ya ubavu, na jaji akaandika. Binti alikuwa safu ya nyuma, ameegemea bega la mama yake mdogo, anamsikiliza baba. Inspekta hakuweza kusikiliza. Nyuso zilizojaa mle ndani nyingi zilikuwa na sare, wenzake wa miaka yote, wengine walikuwa zamu moja na Mpole usiku ule, na hakuna aliyekuwa akimtazama Daktari. Walikuwa wakimtazama yeye. Alimvuta binti karibu zaidi, akageuza kiti chake kidogo ili auone mlango, na hakuondoa macho hapo mpaka Daktari alipomaliza.